Kiwanda kikisimama, Mlingotini nayo inasimama: Barua ya wazi kuhusu kinga ya moto Bagamoyo

Kwa:
Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi Tanzania (TISEZA),
Jeshi la Zimamoto na Uokoaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo,
Wawekezaji wote wanaokuja kujenga Bagamoyo.

YAH: KINGA YA MOTO ITANGULIE VIWANDA

Ndugu viongozi na ndugu wawekezaji,

Nawaandikia nikiwa mkazi wa Mlingotini, kijiji ambacho, pamoja na majirani zetu wa Zinga, Kondo, Kiromo na Pande, kimo kwenye ramani ya Eneo Maalumu la Kiuchumi la Bagamoyo. Ardhi iliyotengwa inazidi hekta 9,000. Habari zake tumezisikia tangu enzi za EPZA, mamlaka ya zamani ya maeneo haya. Mwaka 2013 mkataba wa awali wa bandari ya Mbegani, hapa Bagamoyo, ulitiwa saini, mwaka 2019 mazungumzo yakasitishwa, baadaye yakafufuliwa. Sasa kituo cha uwekezaji, TIC, na EPZA zimeunganishwa kuwa TISEZA, na mwaka 2025 mlitangaza viwanja kwa wawekezaji walio tayari kujenga. Safari hii dalili zinaonyesha viwanda vinakuja kweli.

Sipingi viwanda. Vijana wetu wanavihitaji. Nina ombi moja, na nalisema mapema: kinga ya moto ijengwe kabla mtambo wa kwanza haujawashwa, na thamani yake ihesabiwe kwa siku za kazi inazookoa, si kwa idadi ya mitungi myekundu iliyotundikwa ukutani.

Hapa kwetu kinga ya moto inajulikana zaidi kama ada. Tuna Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, inayodai ukaguzi na cheti. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA. Sheria hazikosekani. Kinachokosekana ni mwenye kiwanda kuziona kama sehemu ya mtambo wake. Wengi wanalipa, wanapokea cheti, wanakitundika karibu na leseni ya biashara, mambo yameisha. Moto kwao ni habari ya bahati mbaya, na bahati mbaya ina bima.

Hesabu hiyo ina kasoro kubwa. Gharama ya moto kiwandani haiishii pale miali inapozimwa. Tuchukue moto mdogo tu: waya umelegea ndani ya paneli ya umeme, ukapata joto, plastiki ikashika. Mfanyakazi hodari ameuzima kwa mtungi ndani ya dakika chache. Hakuna aliyeumia, paa liko salama. Lakini plastiki ya nyaya ikiungua hutoa moshi wenye tindikali. Moshi ule unaingia kwenye mota, kwenye bodi za kompyuta zinazoendesha mitambo, kwenye maboksi ya bidhaa zilizokwisha kufungashwa. Kwenye hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi, chuma kilichoguswa na moshi huo huanza kuliwa mapema sana. Kesho yake wachunguzi wanafunga eneo. Keshokutwa anakuja mtathmini wa bima. Kisha vipuri vinaagizwa ng'ambo, vinapanda meli, vinafika bandarini, vinasubiri kutolewa. Moto umewaka dakika chache, kiwanda kimelala wiki kadhaa.

Chukueni mfano. Usiku wa tarehe 17 Machi 2000, radi ilipiga njia ya umeme iliyolisha kiwanda cha vijenzi vya kielektroniki cha Philips huko Albuquerque, Marekani. Moto ukawaka, ukazimwa ndani ya takribani dakika 10. Uharibifu wa jengo ulikuwa mdogo. Lakini moshi na maji vilikuwa vimechafua vyumba ambavyo havikutakiwa hata chembe ya vumbi, na uzalishaji ukavurugika kwa muda mrefu. Wateja wakubwa wa kiwanda kile walikuwa Nokia na Ericsson. Nokia walishtuka mapema, wakatafuta vijenzi kwingine. Ericsson walichelewa, na mauzo waliyoyapoteza yalikadiriwa kufikia takribani dola milioni 400. Mwaka uliofuata wakaunganisha biashara yao ya simu na Sony. Mtu aliyeuona moto ule usiku ule angesema hakuna kilichotokea.

Ndugu wawekezaji, mnaokuja kujenga ukuta kwa ukuta katika eneo moja, mfano wa pili unawahusu zaidi. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 1 Februari 1997, moto uliteketeza kiwanda cha Aisin Seiki mjini Kariya, Japani. Kiwanda kile kilitengeneza vali ndogo ya breki, na karibu vali zote za aina hiyo zilizotumiwa na Toyota zilitoka hapo. Toyota, kwa utaratibu wake wa kutolimbikiza stoo, ilikuwa na akiba ya muda mfupi tu. Ndani ya siku chache njia zake nyingi za kuunganisha magari nchini humo zilisimama. Kampuni kubwa kiasi kile ilisimamishwa na kipuri kinachoenea kiganjani. Kilichoiokoa ni ujirani: makampuni mengine yanayoiuzia vipuri yaligawana michoro na kuanza kuchonga vali hizo bila kusubiri mikataba, na ndani ya wiki moja hivi kazi ikarudi. Eneo maalumu la kiuchumi linajengwa kwa mantiki hiyo hiyo: huyu anatengeneza chupa, yule anajaza juisi, mwingine anafunga katoni. Mmoja akiungua, watatu wanasimama.

Tusiende mbali zaidi. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Si kiwanda, lakini kila mwenye duka Bagamoyo anajua mzigo wake ulitoka mitaa ile. Moto ulikuwa wa usiku mmoja. Ukarabati na ujenzi vikachukua zaidi ya miaka 3, wafanyabiashara wakiwa wametawanywa kwenye maeneo ya muda, wateja wao wakiwa wamezoea njia nyingine. Mwenye mtaji mkubwa anavumilia kipindi hicho. Mwenye mtaji wa mkopo hafiki mwisho wake.

Na tusisahau uhai, ambao hauna kipuri. Tarehe 23 Mei 2024, katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa mkoani Morogoro, ajali ya bomba la mvuke wa moto iliua watu 11. Ninapozungumzia siku za kazi sisemi kwamba mashine ni bora kuliko mtu. Nasema kwamba kiwanda kinachojua kulinda siku zake za kazi, kwa kukagua boila, kusafisha vumbi na kupima nyaya, ndicho hicho kinachomrudisha mfanyakazi nyumbani jioni.

Sasa niseme nani hasa anasimama kiwanda kikisimama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayepunguzwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza kazini, kwa miaka isiyozidi 10, mradi awe ametumikia angalau miezi 12. Kijana wa Mlingotini aliyeanza kazi mwezi wa tatu kiwanda kikaungua mwezi wa tisa hana lake hapo. Kibarua wa kutwa ndiye kabisa hatajwi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamlipa aliyeumia. Haumlipi aliyeambiwa arudi nyumbani asubiri kuitwa. Nyuma ya kibarua huyo yupo mama lishe aliyekopa mchele akitegemea siku ya malipo, yupo wa bodaboda, yupo mwenye chumba cha kupangisha. Hao wote hawamo kwenye fomu ya bima ya mtu yeyote.

Tena hata mwenye kiwanda mwenyewe huenda hamo. Bima ya moto ya kawaida hulipa jengo, mashine na mali iliyoungua. Faida iliyopotea na mishahara ya miezi ya kusimama hailipwi mpaka ikatiwe bima yake ya nyongeza. Wangapi wanaisoma sehemu hiyo kabla ya kutia saini?

Lipo jambo jingine linaloihusu Mlingotini peke yake, nalo ni ghuba yetu. Ndani ya ghuba hii akina mama wanalima mwani kwa vigingi na kamba. Tangu kupandwa hadi kuvunwa ni kama wiki 6. Wanaukausha, wanauuza, na wengine wanautengenezea sabuni. Kilimo hiki tayari kina shida zake: maji ya bahari yanapata joto, mwani unaugua na kukatika. Moto wa kiwandani unaweza kukimaliza bila cheche hata moja kufika ufukweni, kwa sababu maji ya kuzimia moto hayabaki pale yalipomwagwa.

Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz liliungua Schweizerhalle, karibu na mji wa Basel, Uswisi. Zimamoto walimwaga maji mengi, moto ukazimika. Maji yale yakabeba viuatilifu na rangi hadi Mto Rhine. Mto ukageuka mwekundu, na mikunga na samaki wengine wakafa kwa mamia ya kilomita kuelekea chini. Baada ya maafa yale nchi za mto huo zikaanza kudai ghala la kemikali liwe na bwawa la kuyazuia maji ya zimamoto yasitoroke. Ghuba ya Mlingotini ni ndogo na maji yake hayana nguvu ya Mto Rhine ya kusukuma uchafu mbali. Sumu ikiingia humu, inakaa na sisi. Mwekezaji atalipwa na bima yake. Mkulima wa mwani atapewa pole.

Ndugu viongozi, kinga ninayoizungumzia si muujiza wala siri. Inaanza na ramani. Ghala lisibanane na ukumbi wa mitambo. Kati yao uwepo ukuta wa kuzuia moto uliopanda hadi juu ya paa, na milango inayojifunga yenyewe. Chumba cha umeme kitengwe. Barabara ya gari la zimamoto izunguke jengo zima, isigeuzwe maegesho ya makontena. Mambo haya yakichorwa kabla ya msingi kuchimbwa, gharama yake ni ndogo. Yakidaiwa baada ya paa kuezekwa, ni kubomoa.

Yanafuata yale ya ndani. Vitambuzi vya moshi vinavyopiga kengele kabla moto haujaonekana kwa macho. Vinyunyizi vya darini, ambavyo watu wengi wanaviogopa wakidhani moshi wa sigara utafungulia maji kiwanda kizima. Sivyo. Vinyunyizi vingi vina kichupa cha kioo; kile chekundu cha kawaida hupasuka joto likifika nyuzi 68 za Selsiasi, na hupasuka kile tu kilicho juu ya moto. Vingine vinabaki vimefunga. Kwa hiyo mara nyingi moto unadhibitiwa na vinyunyizi vichache, bidhaa za kona moja zinalowa, na shifti ya kesho inaingia kazini. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupoteza kona na kupoteza msimu.

Kila kazi ina moto wake, na mkaguzi anayebeba fomu moja kwa viwanda vyote atakosea. Bagamoyo tayari ina kiwanda cha sukari kule Makurunge, na vingine vya kusindika mazao vinatarajiwa. Vumbi la sukari likijaa hewani ndani ya jengo hulipuka: tarehe 7 Februari 2008 lililipua kiwanda cha Imperial Sugar huko Port Wentworth, Marekani, watu 14 wakafa. Dawa yake kubwa ni usafi wa kila siku na mashine za kunyonya vumbi. Magodoro ya sponji yakitoka kwenye mtambo yana joto ndani kwa ndani. Yakipangwa yamebanana usiku huo huo yanaweza kujiwasha. Mbata zikilundikwa na unyevu hujipasha joto zenyewe. Na karibu kila kiwanda kina fundi wa kuchomelea ambaye cheche zake huanguka mahali asipopaona, zikafuka polepole, moto ukatokea yeye ameshaondoka. Kwa huyo tiba ni karatasi moja ya kibali, mtungi pembeni, na mtu wa kubaki akilinda pale kazi inapokwisha.

Pwani yetu nayo ina masharti yake. Kwanza maji. Mwishoni mwa mwaka 2021, na tena 2022, Mto Ruvu ulipungua hadi mamlaka ya maji, DAWASA, ikatangaza mgao. Haidranti isiyo na maji ni pambo la barabarani. Gari la zimamoto lenye lita 6,000, likimwaga lita 2,000 kwa dakika, linakauka baada ya dakika 3, kisha linatafuta mahali pa kujaza. Kwa hiyo kila kiwanda kiwe na tangi la akiba ambalo maji yake hayaruhusiwi kuoshea wala kupikia, na eneo zima liwe na akiba yake ya pamoja. Msituambie bahari ipo. Maji ya chumvi yanazima moto, lakini mashine iliyoguswa nayo ina kazi kubwa ya kurudi kazini.

Pili umeme. Aprili 2024 Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakaa gizani. Pampu ya zimamoto inayotegemea umeme wa TANESCO pekee itakuangusha siku hiyo, na hata siku ya kawaida jambo la kwanza linalofanywa moto ukiwaka ni kukata umeme. Pampu ya pili ya dizeli ni ya lazima, na iwashwe kila wiki, si siku ya mkaguzi.

Tatu chumvi. Bomba, koki na kengele vilivyofungwa karibu na ufukwe huliwa na kutu haraka kuliko vya Dodoma au Arusha. Ratiba ya ukaguzi iliyoandikwa kwa ajili ya bara haitoshi Mlingotini.

Kwa hayo, naomba yafuatayo kwa kila mmoja wenu.

TISEZA: mnapotoa kiwanja, wekeni mpango wa kinga ya moto ndani ya masharti ya mkataba, pamoja na mpango wa kurejea kazini baada ya ajali. Jengeni mtandao wa maji ya zimamoto, bwawa la kuzuia maji machafu yasifike ghubani, na kituo cha zimamoto ndani ya eneo, kama mnavyojenga barabara na njia za umeme. Hivi ni miundombinu, si hisani. Waiteni wenye viwanda wawekeane ahadi ya kusaidiana vifaa na wataalamu, kabla hawajahitajiana.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji: tunawaheshimu vijana wenu wanaoingia mahali ambapo wengine wanapakimbia. Tunaomba ukaguzi wenu uwe wa kuwasha na kupima, usiwe wa kuhesabu mitungi. Pampu iwashwe mbele yenu, maji yafunguliwe, wafanyakazi watoke nje mkiwa mmeshika saa. Fundisheni vijana wa Mlingotini, Pande na Kondo kuwa kikosi cha kwanza, maana gari linapotoka mbali, dakika za mwanzo ni za aliye jirani. Namba 114 ijulikane kila kaya, na anayeipokea ajue njia za kwetu.

Halmashauri: msitoe kibali cha ujenzi kwa mchoro usio na njia ya gari la zimamoto. Na kiwanda kikishajengwa, msiruhusu vibanda na makazi kuziba njia hiyo, halafu tukaanza kulaumiana.

Wawekezaji: kateni bima ya kusimama kwa uzalishaji, na ndani yake wahesabuni vibarua, japo kwa wiki kadhaa za mwanzo. Wekeni akiba ya vile vipuri vinavyochukua miezi kufika. Hifadhini nakala za michoro na kumbukumbu mbali na jengo. Mpeni mfanyakazi wa kawaida mamlaka ya kusimamisha mtambo akiona cheche, bila kuogopa kukatwa mshahara. Kusimama dakika 10 kwa hiari ni nafuu kuliko kusimama miezi 10 kwa lazima.

Najua wapo watakaosema masharti mengi yatawafukuza wawekezaji waende Mombasa au kwingineko. Wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwekezaji anayekimbia gharama ya tangi la maji na pampu ya dizeli ameshatuambia mapema kwamba siku ya moto hatakuwa na mpango wowote. Mwenye nia ya kukaa miaka 30 atauliza yeye mwenyewe maji ya zimamoto yako wapi, kwa sababu benki yake na kampuni yake ya bima watamuuliza. Eneo lenye majibu tayari ndilo litakalompata.

Sisi tulitoa ardhi. Hatuna hisa kwenye viwanda hivyo. Tunachotegemea ni ajira isiyokatika na ghuba isiyotiwa sumu. Vyote viwili vinalindwa na ukuta, tangi, pampu na zoezi ambavyo mnaweza kuviamua sasa, wakati viwanja vingi bado ni pori na mchoro bado unafutika. Naomba mje Mlingotini, mkae na serikali ya kijiji na wakulima wa mwani, mtuonyeshe kwenye ramani kituo cha zimamoto kitakaa wapi, maji yake yatatoka wapi, na yakishatumika yataelekea wapi. Mkiweza kujibu hayo matatu, jengeni. Kama bado hamna jibu, msiwashe mtambo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Mlingotini,
Bagamoyo.